Ramli ya Betri za Kiegeani

Mkija hapa barazani kwangu Kirongwe na madaftari yenu ya fizikia, swali la kwanza huwa lile lile: "Bibi, eti ulikuwa unatengeneza betri?" Sikutengeneza hata moja, wajukuu zangu. Nipeni betri za tochi sasa hivi, nitazitia kinyume kama mtu mwingine yeyote. Kazi yangu, kwa miaka ishirini na ushei, ilikuwa kuhesabu jinsi betri inavyochakaa ndani kwa ndani, mahali jicho halifiki, nami nikiwa nimekaa kitako kwenye kiti. Kiti chenyewe kimeniachia mgongo mbovu, lakini hayo si ya leo.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliyenilea katika nyumba hii hii, ndiye aliyeipa kazi yangu jina. Nilikuja likizo, naye alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, akaniuliza, "Rehema, hiyo kazi yako ya Bara ni nini hasa?"

"Natazama vitu vya ndani ya betri vinavyobadilika umbo."

"Unaipasua?"

"Hapana, shangazi."

"Una darubini?"

"Sina. Napiga hesabu kwenye kompyuta, ndiyo inayonionyesha."

Akaacha kukuna. "Huipasui, huioni, unapiga hesabu tu na unajua kilichomo. Mwanangu, hiyo ni ramli."

Basi, ikawa hiyo. Kirongwe nzima wakaniita mpiga ramli wa betri. Mwanzoni niliona haya, msomi mzima na shahada zangu. Baadaye nikaona afadhali ningefanana zaidi na wapiga ramli wenyewe, kwa sababu mpiga ramli hodari, kabla hajagusa ubao wake, atakuuliza umeanza kuumwa lini, umekula nini, umegombana na nani. Mimi nilikuwa siulizi. Na kutouliza huko kulimponza mtu asiye na hatia, mtu wa hapa hapa kisiwani, ndiyo maana nayaandika haya.

Lakini kwanza mjue kilichomo ndani ya betri, msije mkasema Bibi anasimulia ngano. Betri hizi za simu zenu zina upande wa chanya. Humo ndani atomi zimepangwa kwa tabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, na katikati ya mkeka na mkeka ndipo lithiamu inapolala. Ukichaji, lithiamu inatoka na kuhamia upande wa pili. Ukitumia umeme, inarudi. Kazi yote ya betri ni hiyo, kutoka na kurudi. Matata huanza betri inapojaa, maana kujaa kwake ndiko kutoka kwa lithiamu nyingi. Nafasi zinabaki wazi, tabaka zinalegea, na atomi za nikeli, ambazo kwao ni kwenye mkeka wenyewe, zinateleza na kukaa pale palipoachwa. Lithiamu ikirudi inakuta kiti kina mtu. Kukiwa na joto, na muda ukiwa mrefu, oksijeni nayo huanza kutoroka, na tabaka zinashikamana kuwa kitu kigumu kisichopitisha chochote. Ninyi mnasema betri imekufa, mnaitupa. Mimi nilitaka kujua imekufaje. Nikeli ya kwanza ilihama lini? Ilihitaji nguvu kiasi gani kujisukuma? Ingebaki lithiamu kidogo tu katikati, ingezuia? Jamani, swali hilo ni tamu! Hadi leo, na uzee huu, nikiona simu imevimba tumbo natamani kujua kisa chake.

Aliyenifunza alikuwa Mwalimu Masanja, Msukuma mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Nilipokuwa mgeni pale chuoni nilijenga umbo la tabaka kwenye kompyuta, nikaliacha lijikokotoe wiki tatu. Enzi hizo tulikuwa na mashine moja ya maana, watu tunapanga foleni, na umeme ukikatika unaanza upya. Majibu yalipotoka nikaona maajabu. Nikeli inahama bila kusukumwa! Nikamkimbilia Mwalimu nikijua nimegundua jambo.

Akaniuliza, "Umehesabu?"

"Nimekokotoa, Mwalimu, wiki tatu nzima."

"Sijauliza kama umekokotoa. Nimeuliza kama umehesabu."

Akavuta kiti, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza kuhesabu atomi moja moja kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama mtoto wa chekechea. Nilimwona mzee amechanganyikiwa. Alipomaliza akanitazama. Ilikuwa imepungua oksijeni moja. Nilikuwa nimejenga nyumba bila ukuta mmoja, halafu nashangaa kwa nini watu wanaingia bila kupiga hodi. "Kompyuta," akaniambia, "haichoki kukokotoa upuuzi. Wewe ndiye wa kuchoka." Kisha akacheka mpaka akatoa miwani.

Kwa hiyo shikeni hili, ni la bure. Kabla hujaiamini hesabu kubwa, fanya ile ndogo unayoweza kuimaliza kwa kalamu. Lichore umbo ulitazame, usitazame namba peke yake. Na jibu likikufurahisha sana, lishuku. Mimi niliyajua yote haya, niliwafundisha hata wengine, na bado nikaja kuanguka pale Kiegeani, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka kwetu.

Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari imeshika kasi. Nyavu za juya, zile za kukokota, zimekatazwa, boti za doria zinapita, vijiji vina mikutano kila mara, na watu wanachungana. Waliokuwa wakichungwa zaidi ni wavuvi wa dago, yaani wageni wanaopiga kambi ufukweni msimu mmoja kisha wanaondoka. Wapo waliokuwa waungwana, na wapo waliovua kwa nyavu haramu. Mwanakijiji akionekana anawasaidia hao wa mwisho, kwa barafu au kwa maji, ameisha.

Akina mama wa mwani wa Kiegeani walikuwa na banda lao la umeme wa jua, lenye taa na friza moja kubwa ya pweza. Betri zake zilikuwa za lithiamu, mpya, za kisasa. Aliyezitunza alikuwa Mzee Shomari, ambaye pia ndiye muadhini wa msikiti wa jirani. Ziliahidiwa kudumu miaka mingi, lakini haikupita hata miwili, friza ikawa haifiki alfajiri. Pweza wakaoza. Muuzaji wa Bara akakataa kuzibadilisha, akisema zimetumiwa vibaya. Ndipo mwenyekiti wa kikundi, Bi Zuhura, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, akanipigia simu chuoni.

"Rehema, wewe ni mtoto wa kisiwa hiki. Tupigie ramli. Betri zimekufa zenyewe au zimeuliwa?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimemaliza kukokotoa nikeli inavyohama katika betri za aina ile ile, na hapa nimeletewa betri halisi, iliyozeeka kwenye joto la kwetu! Nikaomba daftari la mtunzaji. Mzee Shomari alikuwa anaandika kila siku mambo mawili: saa betri zilipojaa, na saa zilipoanza kutumika. Bi Zuhura akanitumia picha za kurasa zote, pamoja na vipimo vya uchakavu wa betri alivyochukua fundi. Nikachapa namba mwenyewe kwa vidole hivi. Sita, kumi na mbili. Sita, kumi na mbili. Siku za mawingu, saba, kumi na mbili. Pembeni ya namba mzee alikuwa ameandika maneno maneno, nami nikayaacha, kwa kuwa programu yangu haikuwa na mahali pa maneno.

Ninyi mmeshaliona kosa, nawajua. Mnacheka. Ngojeni. Wakati nachapa nilikuwa Mswahili. Nilipobonyeza kitufe nilikuwa mtu wa ofisi. Programu ilisoma saa kwa mtindo wa kizungu, siku inayoanza usiku wa manane. Kwake sita ni alfajiri, na kumi na mbili ni adhuhuri. Ikaona betri zinajaa alfajiri, zinakaa zimejaa asubuhi yenye ubaridi, zinaanza kutumika mchana. Ikasema kwa ratiba hiyo nikeli ingehama kidogo tu, na betri zingekuwa bado nzima. Nami, badala ya kujiuliza betri za jua zinajaaje kabla jua halijachomoza, nikaandika ripoti nzuri yenye michoro, na mwisho wake sentensi hii: "Saa alizoandika mtunzaji haziwezi kueleza uharibifu uliopo. Bila shaka kuna matumizi ambayo hayakuandikwa."

Bila shaka! Mtu akikuletea hesabu yenye "bila shaka", mwambie akapumzike kwanza.

Ripoti ikasomwa mkutanoni. Sikuwepo. Watu wakajazia wenyewe yaliyobaki: kama kuna matumizi ya siri, basi ni barafu, na barafu ya siri inakwenda dago. Mzee Shomari akatakiwa arudishe funguo. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo baya zaidi. Walimsalimia haraka haraka na kupita.

Mimi nilikuwa Bara, nimesahau. Miezi miwili baadaye nikaja kula Idi, na hata begi sijatua, shangazi akaniambia, "Umemuua mtu Kiegeani."

"Nimemuua nani tena?"

"Shomari. Kila akiadhini, watu wanatazamana. Wanasema mwizi anatuita kusali."

Nikapandwa na hasira. "Shangazi, hesabu haisemi uongo."

"Basi nenda ukamwambie mwenyewe, usoni. Ripoti haina uso."

Nilikwenda kwa jeuri, nawaambia kweli. Nilichukua na kompyuta yangu ya kupakata, nimwonyeshe michoro. Nilimkuta uani kwake anasuka dema, ule mtego wa samaki. Mkewe, Bi Siti, alikuwa anapeta mchele.

"Hodi! Shikamoo, mzee. Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu mzee. Bi Siti aliitikia kwa pua, hakusema karibu wala hakuinuka kuweka chai. Kwa sisi watu wa kisiwani, mnajua maana yake.

Nikajitaja. Nilingoja anifukuze. Akavuta kigoda akanisogezea, akasema, "Kumbe ndiye wewe. Mimi nilikuwa na hamu na wewe. Nimekaa hapa siku zote hizi najiuliza, huyu mtu anaonaje ndani ya betri na yuko Bara? Hebu nieleze kwanza hiyo ramli, ugomvi tutaukuta."

Nikamweleza. Nilitumia fito zake za dema kuonyesha tabaka, na punje za mchele wa Bi Siti kuwa lithiamu. Mzee yule alikuwa na maswali, wajukuu zangu, natamani nusu ya wanafunzi wangu wangekuwa nayo. Nikeli ikishahama, inaweza kurudi kwao? Mara chache. Oksijeni ikitoroka inakwenda wapi? Inaanza kula vitu vingine humo humo ndani. Mwisho akauliza, "Sasa inaumia zaidi ikiwa imejaa, au ikiwa tupu?"

"Ikiwa imejaa, mzee. Ikijaa na joto likaikuta, ndiyo kabisa."

Akachomeka ufito mwingine. "Zile za maji ya tindikali, za zamani, tulifundishwa usiache zikapungua. Jaza, acha zimejaa. Hata hizi nilizijaza vile vile, kila siku, ziko kwenye sanduku chini ya bati. Basi mbona ramli yako haikuliona joto hilo?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa unazijaza alfajiri. Alfajiri kuna ubaridi."

Mikono yake ikasimama kwenye dema. "Nani kajaza alfajiri?"

"Wewe. Umeandika sita."

"Sita."

"Ndiyo, sita."

Akanitazama sana. "Mwanangu, shangazi yako kanipa habari zako, najua umezaliwa Kirongwe. Huko Kirongwe, saa sita ni lini?"

Nikahesabu kwa vidole kuanzia macheo, nikaishia adhuhuri.

"Soma pembeni ya namba," akasema. "Nimeandika nini?"

Nikafungua ile picha ya ukurasa wa kwanza. Pembeni, kwa mwandiko wake wa kulalia, palikuwa na maneno: *kabla ya adhana*. Ukurasa wa pili, *kabla ya adhana*. Kurasa zote, ila zile siku za mawingu, *baada ya adhana*.

"Naandika betri zimejaa, nafunga banda, nakwenda kuadhini adhuhuri. Sasa wewe unaniambia nimeadhini adhuhuri alfajiri, karibu miaka miwili, na Kiegeani nzima wakanifuata kusali?" Kisha akacheka. Wallahi alicheka, na mimi machozi yakanitoka pale pale kwenye kigoda. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilikuwa nimejenga nyumba bila ukuta kwa mara ya pili, safari hii na mtu ndani yake.

Bi Siti ndiye hakucheka. "Inafurahisha?" akamuuliza mumewe. "Miezi miwili sijakwenda mwanini na wenzangu. Nikifika wananyamaza."

Nikaweka kompyuta kwenye mkeka. Ile hesabu ya atomi ilishafanyika zamani, iliyobaki ilikuwa kusogeza saa tu. Nikaongeza saa sita kwenye kila mstari. Sasa betri zikawa zinajaa adhuhuri, zinakaa zimejaa mchana kutwa chini ya bati linalowaka, hadi saa kumi na mbili jioni taa zinapowashwa. Mzee akaja akasimama nyuma yangu. Mstari wa hesabu, ule wa uwezo wa betri uliobaki, ukaanza kushuka, ukashuka, ukaja kulala karibu kabisa na uchakavu alioupima fundi kwenye betri zenyewe.

"Sasa inasemaje?"

"Inasema uliandika kweli tupu, mzee. Hakuna kilichoibwa. Zimekufa kwa kujazwa mno kwenye joto."

Na niwaungamie jambo. Katikati ya aibu ile yote, nilifurahi. Hesabu zangu za nikeli, nilizozifanya kwenye chumba chenye kiyoyozi bila kugusa betri, zilikuwa zimesema kweli kuhusu sanduku la Kiegeani. Zilikuwa zimekosa tu daftari lililosomwa sawasawa. Mzee naye aliinama kwenye kioo akaniuliza, "Tukiacha lithiamu kidogo katikati, tusijaze hadi juu, tena tukilitoa sanduku chini ya bati tukaliweka penye makuti, mstari utasimama wapi?" Tukajaribu. Ulisimama juu sana. Tukatazamana kama watoto waliokamata ndege.

Ndipo nikasema, "Nitaandika ripoti nyingine leo leo, nimpe Bi Zuhura."

"Ile ya kwanza ilisomwa mbele ya watu wangapi?"

"Mkutano mzima, nasikia."

"Basi hii nayo isomwe mbele ya hao hao. Na usome wewe."

Bi Zuhura aliposikia alishika kichwa. Hakujitetea wala hakunilaumu mimi peke yangu. "Tuliiamini kwa sababu ina michoro," akasema, akaitisha mkutano Ijumaa, baada ya sala, pale pale bandani. Watu walijaa, wengine wakasimama nje. Bi Siti alikuja akakaa mlangoni, mbali na akina mama wenzake.

Nikasimama na karatasi yangu. Nikaeleza kosa la saa, na watu wakaanza kucheka kwa mshangao, wengine wakanizomea kidogo, nikastahili. Kisha nikasoma: "Ripoti ya kwanza ilikosea, na kosa ni la aliyeiandika. Mtunzaji wa banda aliandika saa kwa usahihi. Hakuna matumizi yoyote yaliyofichwa." Nikakunja karatasi.

Mzee Shomari akanyoosha mkono. "Samahani. Mtunzaji wa banda ndiye nani?"

Mtu mmoja akaropoka, "Si wewe, mzee!"

"Mimi najijua. Nataka aseme yeye."

Nikamwambia kwamba katika ripoti za kitaalamu huwa hatutaji watu kwa majina.

"Ulipoharibu hukutaja jina," akasema, bila kupandisha sauti, "na kila mtu alijua ni mimi. Sasa unatengeneza. Usipolitaja, anayetaka kutojua hatajua."

Nikaikunjua ile karatasi. Nikaomba kalamu, nikakata maneno "mtunzaji wa banda", nikaandika juu yake, nikasimama wima nikasoma kwa sauti yote niliyokuwa nayo: "Shomari Bakari Mbwana aliandika saa kwa usahihi. Shomari Bakari Mbwana hakuficha chochote."

Akina mama wakageuka kumtazama Bi Siti pale mlangoni. Alikuwa ameinamisha uso kwenye ncha ya kanga yake. Akauinua, akanitazama mimi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.